Njia Yangu ya Mkato Mkokoni

Laiti ningemwambia Nyawa "sitaki" asubuhi ile, leo nisingekuwa na aibu hii ya kuwasimulia. Nyawa ni rafiki yangu tangu shuleni, mkulima wa Mkongani; alikuja kwetu Msambweni kutazama mikoko ya kina mama, na tulipofika kwenye daraja la mbao walilolijenga juu ya matope akanicheka: "We mzee, uliyekuwa ukikata boriti humu, leo wapita darajani kama bibi harusi?" Nami (umri umesonga, akili imebaki palepale) nikavua makubadhi, nikakunja kikoi, nikamwambia anifuate kwa njia ya mkato.

Boriti nilikata kweli, sikatai. Ujanani nilikata mpaka nikaacha uwanda mtupu katikati ya mikoko, maji yakawa yanaingia na kutoka bila kukuta hata kaa. Mke wangu, Mama Halima, ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kina mama hao, na kwa subira nisiyojua ameitoa wapi yeye na wenzake wameotesha miche kitaluni, wakaipanda kidogo kidogo, na leo ukiingia humo utasema subhanallah: mizizi imeinama kushika matope kama vidole vya mtu, vifaranga vya samaki vinacheza kati yake, na adhuhuri kuna ubaridi kama wa msikitini. Uwanda wangu tu ndio uliokuwa umebaki. "Hapo utapanda wewe, Baba Halima," alikuwa ameniambia. "Kwa mkono uleule." Na siku ya kupanda ilikuwa hiyohiyo, wageni wamealikwa.

Basi hatukufika mbali. Mguu ukazama hadi goti, nikauvuta, goti likalia ko, wa pili ukazama hadi paja, na kadiri nilivyojipapatua ndivyo nilivyoshuka, kikoi kikamezwa na matope (naam, nikabaki na shati). Nyawa, ambaye bado alikuwa kwenye gogo nyuma yangu, badala ya kuita wanaume akapiga ukelele: "Kina mama! Mzee wenu anazama!"

Wakaja wote. Mwanasiti, mdogo wa mke wangu, akashika kiuno: "Shemeji, ni boriti gani hiyo unayoitafuta huko chini?"

Wakacheka, hata mimi nikacheka, mpaka maji yalipoanza kujaa na kunifika kifuani. Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimekwama kando ya kitalu, na kotekote kulikuwa matope matupu. Mahali pekee pagumu pa kusimama na kunivuta palikuwa tuta la kitalu, juu ya miche iliyongoja kupandwa uwandani.

"Kanyageni," akasema Mama Halima.

"Mwenyekiti, miche yote hii?"

"Kanyageni! Miche tutaotesha mingine. Huyu haoteki."

Wakanivuta, wakanifunga leso ya Mwanasiti, nikabebwa kupitia daraja lilelile nililolidharau, mbele ya wageni wote, na nyuma yangu miche imelala kifudifudi.

Mama Halima na wenzake waliotesha tena, wakaupanda uwanda wangu, na sasa mikoko yake imenizidi urefu, mizuri ajabu. Mimi huitazama nikiwa darajani, kwa maana goti lililoteguka siku ile halikupona na matopeni sishuki tena. Mle ndani hamna hata mti mmoja niliopanda mimi. Nilichokata kwa mkono wangu, wamekirudisha wengine.