Baba Ghalani

Juzi, hospitalini Musoma, nilimsikia nesi akimuuliza binti wa mwanajeshi mstaafu, "Baba akishtuka, wewe unafanyaje?" Mtoto akajibu, "Namshikaga mkono." Nesi akaandika.

Mimi hakuna aliyeniuliza.

Nilipokuwa mdogo, mchana mmoja kijijini Butiama, baba alikuwa amerudi kutoka jeshini, na tulikuwa tunaanika mihogo juu ya jiwe. Harufu yake chachu ilikuwa imetuganda mikononi. Kwa jirani, wanaume walianza kupigilia mabati. Nyundo ya kwanza ilipolia, baba alijitupa chini, akatambaa mpaka ghalani. Nilipomchungulia aliweka kidole mdomoni, amenikodolea macho.

Nikajua tunacheza kujificha. Baba hakuwahi kucheza na mimi, kwa hiyo nilifurahi kupita kiasi. Nikakimbia kwa wale wanaume. "Njooni! Baba kajificha ghalani!"

Wakashuka wakicheka, nyundo mikononi. Walipofungua mlango walimkuta amejikunja kwenye magunia, anatetemeka, suruali imelowa. Kicheko kikakatika. Mama alifika mbio, akamfunika kwa kitenge chake.

"Ni malaria tu," aliwaambia. "Rudini kazini."

Tangu siku hiyo baba hakwenda tena kumsaidia mtu kuezeka, na sisi nyumbani tuliendelea kuuita ugonjwa wake malaria. Lakini mlango ule ulipofunguka, baba hakuwatazama wale wanaume. Alinitazama mimi, na mimi nilikuwa bado napiga makofi.