Kiota Kwenye Gunia la Makala

Kila nikifungua gunia la makala, yaani makaa ya kupikia, harufu mbili hunipanda puani: kwanza moshi mkavu, halafu majani mabichi. Hapo mkono wangu husita. Mnicheke tu, nimezoea.

Mama yangu alikuwa akiuza makala mbele ya nyumba yetu, hapa mtaani Katoyi. Magunia yalikuja yamejazwa hadi kufurika, na wachomaji waliyaziba mdomo kwa majani na zile ndevu za kijani zinazoota kwenye miti ya mlimani. Kazi yangu, nikitoka shuleni, ilikuwa kuzing'oa. Nilikuwa troisième primaire, darasa la tatu. Siku moja ndevu zile zikalia.

Nilizitupa, nikapiga yowe. Mama akaja, akazipekua kwa vidole. Ndani mlikuwa na kiota na makinda mawili. Moja lilikuwa limekufa. La pili lilifungua mdomo.

Mama alizaliwa milimani, upande wa Bukavu. Alikaa chini palepale kwenye vumbi jeusi.

"Yesu! Hawa njo ndege wa makelele."

Akaniambia ndio wale wa kwao milimani: wakikua wana kichwa cheusi na shingo nyekundu, na hawatembei mmoja mmoja hata siku moja. Hupita kundi zima wakichokoa ndevu za miti, kelele tupu, kama wamama wanaotoka misa. Utotoni ndio waliokuwa wakimwamsha asubuhi. "Miaka mingi sijawasikia," alisema.

Nilimsihi ampe muzee wa lori lililoleta magunia, alirudishe kinda msituni. Niliapa sitaomba hata nguo ya Noeli, na mnajua mtoto akiapa hivyo hana mzaha.

"Utamurudisha wapi, mutoto wangu? Muti yake njo hii tunapikia."

Sikuelewa. Nilidhani ni uvivu wa wakubwa. Mvua ilikuwa inanyesha na kinda linatetemeka, basi nikalifunga ndani ya sweta yangu ya shule, nikaliweka kando ya mbabula, jiko letu. Nililipatia panzi, likakataa. Lilikuwa likiita, linanyamaza kidogo, linaita tena. Nikajaribu kuliitikia kwa mluzi. Mluzi wangu ulikuwa mbaya sana. Moto ulipofifia nilimlilia Mama aongeze makala. Aliongeza, lakini aliangalia pembeni, nami nikamkasirikia kwa roho ngumu ile.

Siku ya pili, kabla ya saa sita, liliacha kuita.

Juzi nimeona picha ya ndege huyo ukutani, katika ofisi moja ya mambo ya mazingira. Chini waliandika kwamba anakaribia kuingia katika hatari ya kutoweka, kwa kuwa misitu ya milimani inakatwa. Niliyasoma mara mbili. Halafu nilitoka, nikapitia kununua makala, maana nyumbani hakuna umeme na watoto lazima wale. Ningefanya nini?

Nilimwotesha ndege moto wa mti wake mwenyewe. Mama alilijua hilo kila alipotia mkono kwenye gunia, na aliutia, kwa sababu mimi nilikuwa ninalia.