Mkutano wa Ijumaa Saa Saba

Mpaka leo nikisikia mtu akisema wazazi wa Kiislamu wa mji wetu wa Arua hawakujali shule, damu inanichemka. Hawakujali! Nani aliwaambia chochote?

Shuleni kwetu mkutano wa wazazi ulifanyika Ijumaa saa saba. Ijumaa, jamani, saa ya swala! Baba zetu walikuwa msikitini, na mama zetu hawakuzoea kwenda mkutanoni bila waume zao. Tena mwalimu mkuu alizungumza Kiingereza mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hata wakulima wa kijiji jirani cha Dadamu, Wakristo walioacha jembe wakaja, walirudi mikono mitupu.

Mwaka ule dada yangu alimaliza darasa la saba, akafaulu. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Kumbe Ijumaa ile ilitangazwa kwamba mzazi aende mwenyewe Jumatatu kuthibitisha nafasi ya sekondari, asipofika nafasi apewe mtoto mwingine. Sisi tukakaa tunangoja kuitwa. Baba alipokwenda kuuliza, nafasi ilikuwa imeshapata mwenyewe.

"Tulitangaza. Ulikuwa wapi?" mwalimu mkuu akamuuliza.

"Msikitini, Mwalimu."

"Basi ndiyo hayo. Watu wa mtaa wenu hamjali shule."

Baba alirudi akakaa kwenye cherehani yake, hakushona kitu. Dada yangu alianza kumsaidia mama kupika kisra, ule mkate wetu mwembamba, za kuuza sokoni. Mimi nilikuwa darasa la sita na nilimchukia yule mwalimu kwa moyo wangu wote. Siombi radhi.

Na mteja wa mama wa kila asubuhi alikuwa nani? Yeye huyohuyo! Anasalimia kwa Kiswahili, anaomba apunguziwe bei kwa Kiswahili, anatania kwa Kiswahili.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu yangu. Mama hakumngoja baba amtangulie. Ijumaa ya mkutano alisimama nje ya msikiti mpaka swala ikaisha, akawachukua wanaume na wake zao, akapita sokoni akawaita akina mama wa Dadamu waliokuwa wanauza muhogo. Tukaingia shuleni kundi zima, dada yangu nyuma kabisa na unga mikononi. Mwalimu mkuu alikuwa anafunga mkutano.

"Mwalimu, rudia," mama akasema.

"Tumeshamaliza, mama. Njooni mwakani."

"Mwakani? Ya mwaka jana ilikula mutoto yangu! Hapa watu mingi hapana jua Kiingereza. Asubuhi ulinunua kisra yangu na Kiingereza?"

Watu waliangua kicheko, hata walimu wake. Mwalimu mkuu alijifuta jasho, akatazama huku na huku, kisha akasema kwa Kiswahili safi:

"Mtoto akifaulu, mzazi aje mwenyewe Jumatatu asubuhi. Asipokuja, nafasi inapewa mwingine."

Akakunja karatasi zake. Kila mtu alingoja aendelee, lakini yalikuwa yameisha. Akina mama wa Dadamu walianza kuambiana kwa lugha yao ya Kilugbara, Jumatatu, Jumatatu.

Dada yangu alinishika mkono kwa nguvu, unga ukaniingia kwenye sare. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Ni hayo tu?" akaniuliza. "Ni hayo tu?"