Siku Niliyompiga Mtani Kaburini

Siku tuliyomzika baba hapa Kitomanga haijanitoka, mwanangu. Nakusimulia wewe uliyeambiwa ukubwani kwamba una usonji, ukaona aibu. Mimi niliambiwa nikiwa na mvi kidevuni.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipoanza. Wanunuzi wa korosho walikuja na malori, kila mmoja na bei yake, na kila kibanda kikafungulia redio kushinda cha jirani. Makelele yale yalikuwa misumari kichwani mwangu. Nikiziba masikio, watu wanacheka. Nilikuwa kijana wa kuoa, lakini nani angempa binti yake mtu anayeziba masikio sokoni?

Basi tukafika makaburini, na jeneza likawekwa chini. Mtani wa ukoo wetu, Mzee Ngulumbe, akaruka ndani ya kaburi akalala chali.

"Hapa pangu," akasema. "Huyu mchoyo mkamtupe porini, fisi nao wale. Mkitaka nitoke, leteni jogoo."

Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Unajua mila yetu: mtani hazuiliwi msibani, kazi yake ni kupunguza uzito wa kilio. Hata mimi nilijua. Lakini usiku kucha sikuwa nimelala, watu wamenibana, wananishikashika mabega, na maneno yakaniingia kama yalivyo: baba hazikwi. Nikashuka kaburini, nikampiga kwa mpini wa jembe hadi damu ikamtoka.

Baba mdogo Saidi ndiye aliyesema, "Si niliwaambia? Huyu kichaa." Namtaja kwa jina, maana alinitenda mchana, watu wanaona. Yeye na mwanawe Hashimu walinifunga kamba wakanipeleka kwa mganga, nikafukizwa na kuchanjwa chale. Niliporudi, mikorosho ya baba ilishagawanywa. Kichaa hashiki shamba, walisema. Kumbe walichokuwa wanafunga ni shamba, si wazimu.

Aliyenitetea ni mmoja, na ndiye niliyempasua. Mzee Ngulumbe alikuja kwangu amefungwa kitambaa kichwani, akakaa mbali kidogo, maana alijua sipendi kubanwa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mkono wako mzito, mtani. Nilidhani marehemu kaamka."

Sikucheka. Akanitazama sana.

"Huo ulikuwa utani," akasema. "Wewe huna wazimu. Umeamini nilichosema, basi. Kuanzia leo nitakutangulizia taarifa."

Na kweli, hadi anaingia kaburini mwake mwenyewe, akinikuta njiani huanza, "Mtani, sasa nakutania," ndipo ananitukana mpaka nashika mbavu. Sikuwahi kucheka hivyo na ndugu yangu yeyote.

Miaka ikaenda. Siku moja nilimsindikiza dada yangu hospitali ya mjini na mjukuu wake. Daktari akawa anauliza: mtoto anaziba masikio? Hataki kuguswa? Anataka chakula kilekile? Nikawa najibu mimi, ndiyo, ndiyo.

"Mzee," daktari akasema, "unamjibia mtoto au unajijibia mwenyewe?"

Akaniambia nirudi mara kadhaa, akaniuliza mambo ya utotoni, kisha akanipa jina: usonji. Nimezaliwa nao, si pepo, si wazimu. Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nikaomba kikao cha ukoo. Nikaeleza niliyoambiwa na daktari, nikadai shamba. Hashimu akadakia, "Kumbe maradhi ya watoto. Sasa na ndevu zote hizo, tukutafutie nepi?"

"Huo ni utani au ni tusi?" nikamwuliza. "Niambie kabla sijajibu."

Baba mdogo, mzee hoi, akatazama mkeka. Wazee wakasema huyu si kichaa, wakanirudishia mikorosho ya bondeni, mizee, iliyobanwa na magugu. Nimeipogolea, inazaa. Iliyobaki bado naidai, na kila kikao nipo. Sijawasamehe, na sitakudanganya kwamba nimewasamehe.

Sasa sikia, mwanangu. Mficha uchi hazai: waambie watu hali yako wewe mwenyewe, kabla hawajakutungia jina. Usipoelewa, uliza, hata wakikucheka. Msibani nenda alfajiri, chota maji, chimba, fanya la mikono. Watu wakizidi, ondoka, rambirambi yako imefika. Mtafute mtu mmoja wa kukueleza mambo bila mafumbo, umtunze kuliko ukoo mzima. Makelele yakikushinda, kaa mbali nayo, si dhambi. Na cha kwako usikiachie kwa sababu mtu kakuita mgonjwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hali yako unaijua wewe.

Mungu akupe majirani wenye subira na usingizi mtulivu. Akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa. Akuzeeshe ukiwa na shamba lako, na kila atakayeuliza wewe ni nani, umjibu mwenyewe. Amin.