Kaza Mia

Mtu akiwasha dawa ya mbu, harufu ile ya pareto hunirudisha kwenye shamba la memsabu Mwitaliano, nje ya Eldoret. Tulichuma maua huku santuri yake ikiimba dirishani. Wimbo ukifika pale penye "casa mia", mama yangu alicheka. "Mnasikia? Kaza mia! Hata santuri inatuambia tukaze mara mia." Na wanawake wakakaza.

Mimi, niliyempelekea memsabu maziwa kila asubuhi, nilijua maana. Alinifundisha maneno ya wimbo ule moja moja: casa, ambayo yeye aliitamka kaza, ni nyumba, mia ni yangu. Sikumwambia mama. Nilipenda anavyocheka.

Kisha kikundi chetu cha wachumaji kikanunua shamba lile. Siku ya kuondoka, memsabu aliushika ukuta wa nyumba akalia, "Casa mia, casa mia."

Mama alimhurumia. Akamshika bega, akamwambia kwa upole, "Pole, memsabu. Kaza mia."

 Memsabu akauachilia ukuta, akamwekea ufunguo mkononi.

Mama alizikwa akiamini kwamba siku ile alimtia moyo.