Aliruka Kutoka Kwenye Kiti Nilipokaa Karibu Naye

Mwanaume mzima, mwenye mvi kwenye ndevu, aliruka kutoka kwenye kiti cha gurudumu kubwa la kubembea kwa sababu mimi nilikaa karibu naye.

Aliruka kweli. Kofia yake ya pama ikabaki kitini.

Watu kwenye foleni waliangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Baadaye nilipoelewa kwa nini aliruka, aibu yote iliisha. Ikabaki hasira. Mpaka leo.

Ngoja niwaambie ilivyokuwa.

Naitwa Rebeka. Kwetu ni Mirongo, pale Mwanza mjini. Baba alifariki mapema, tukabaki mimi, mama na mdogo wangu wa kike, Kija. Mambo yetu yote yakawa yanaamuliwa na baba mdogo, Masele.

Miaka hiyo ya tisini biashara ilikuwa imefunguliwa. Viwanda vya minofu ya samaki viliota ufukweni kama uyoga, na mtu mwenye gari la kubeba sangara alikuwa mfalme. Mfanyabiashara mmoja, Luhaga, alikuwa na magari kadhaa.

Baba mdogo alikuwa anamtetemekea. Alitaka kuwa wakala wake wa kununua samaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Mimi nilikuwa nimetoka tu chuo cha ualimu. Mpole mpaka basi. Chuoni nilikuwa nasubiri watu watoke bwaloni ndipo niende kuchukua chai.

Pasaka ilipokaribia, baba mdogo akaja nyumbani anameremeta.

"Jiandaeni. Tunakwenda Nairobi kutembea."

"Nairobi?" Kija akaruka. "Kuna ile sehemu ya mabembea makubwa! Nimeiona kwenye gazeti!"

"Hiyo hiyo. Bwana Luhaga anagharamia familia kadhaa, basi zima."

Halafu akanivuta pembeni.

"Rebeka, Bwana Luhaga anataka kuwa ndugu yetu. Umheshimu. Usije ukaninunia huko."

Nilielewa nilivyoelewa. Kwetu mkubwa ndiye huolewa kwanza, na mkubwa ni mimi. Usiku ule sikulala vizuri.

Safarini nikawa namchunguza kwa kujiiba. Na nisiwafiche, alianza kunigusa moyo.

Alikuwa ananiheshimu mno! Tulipoteremka pale Sirari, mpakani, nilipita karibu yake, akasogea kando mpaka akakanyaga tope. Nilipokaa benchi alilokaa yeye, akanyanyuka. Akinisalimu anainamisha macho, kwa mbali, kofia mkononi.

Nikasema moyoni, huyu naye ana haya kama mimi.

Kija ndiye aliyekuwa anataniana naye. Luhaga alimletea viatu vyekundu, akamnunulia soda na mahindi ya kuchoma. Nikaona ni kawaida. Shemeji na mdogo wa mke ni utani mtupu.

Mama alikuwa kimya njia nzima. Nilidhani ni uchovu.

Basi, tukafika kwenye hiyo bustani ya michezo. Kelele, muziki, watoto wamepakwa rangi usoni, magari madogo ya umeme yanagongana makusudi na watu wanalipia kugongwa. Wanawake wa basi letu, wa Mirongo na wa Misungwi, walikuwa wanashika vichwa.

"Huu ni wazimu," mmoja akasema. "Nilipe nitapike?"

Katikati kulikuwa na lile gurudumu, refu kuliko jengo lolote la pale Nyamagana, kwetu Mwanza. Viti vya watu wawili wawili, na chuma cha kuwafungia mapajani.

Kijana Mkenya aliyekuwa analiendesha hakuwa na muda wa kubembeleza.

"Wawili wawili! Siste, wewe ingia hapa na huyu mzee. Haraka, watu wanangoja!"

Akanisukuma. Nikajikuta nimekaa karibu na Luhaga.

Ndipo akaruka.

"Siwezi! Siwezi kukaa na mayu! Ni mama huyu!"

Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Ni jina la heshima.

"Mama yako?" yule kijana akashangaa. "Huyu si hata mtoto wako anamzidi?"

"Ni mkwe! Usiniletee mkosi!"

Chuma kikanifunga peke yangu. Gurudumu likaondoka.

Sasa wasomaji, eleweni. Kwetu mwanaume hakai na mama mkwe. Hali naye, hamgusi, akimwona njiani anapisha; mwiko ukivunjika, ndoa ni ya mkosi. Na kwa ukoo wetu, baba wa binti akiwa amefariki, dada mkubwa wa binti naye anahesabiwa mkwe.

Dada mkubwa.

Nikiwa kule juu niligeuka nyuma. Luhaga alikuwa amekaa kiti kilichofuata, anacheka, mkono wake umezunguka mabega ya Kija.

Kija alikuwa kidato cha pili. Viatu vyekundu vinaning'inia hewani, anapiga kelele za furaha. Hajui kitu.

Nilishuka, nikaenda moja kwa moja kwa baba mdogo.

"Baba mdogo, yule mtu anamtaka nani?"

"Rebeka, usianze."

"Nani?"

"Kija atapata maisha. Wewe umeshasoma, una kazi yako. Tumeshakubaliana."

"Ana miaka kumi na tano! Yuko shule!"

"Shule ina haraka gani? Atasoma hata akiwa kwake. Punguza sauti, watu wanatutazama."

Nikamgeukia mama. Mama alikuwa anatazama ncha ya khanga yake, ameikamata kwa ngumi.



Luhaga na Kija walikuwa wanataka mzunguko mwingine. Luhaga, pama yake ameshaichukua, akatangulia kukaa, akapigapiga nafasi iliyobaki. "Njoo, mtoto, njoo."

Nilimpita Kija. Nikakaa mimi.

"Funga," nikamwambia yule kijana.

Kah! Chuma kikashuka, gurudumu likapaa. Safari hii hakuwahi kuruka.

"Mayu! Shuka!"

"Nishukie wapi? Tuko hewani."

Akajibana pembeni mwa kiti kama mtu aliyekutana na nyoka. Akajifunika uso kwa pama. Mapaja yetu yalikuwa yamegusana chini ya chuma kimoja na hapakuwa na pa kukimbilia.

Nikamshika mkono. Mimi! Nikauinua juu ili wote wauone.

"Tazameni!" nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga maishani. "Huyu ni mkwe wangu! Nimekaa naye! Nimemshika! Tazameni jinsi anavyoniheshimu!"

Chini, wanawake wa basi letu walinyanyua vichwa. Halafu mmoja akapiga kigelegele. Halafu wote.

"Mayu, unaniua," Luhaga akanong'ona. "Nitarudije Mwanza?"

"Mwenye kurudi shule ni Kija. Wewe rudi unavyojua."

Gurudumu liliposimama alitoka mbio, hata pama hakuikumbuka. Alipompita baba mdogo akatema maneno, "Masele, umenipeleka kwa vichaa. Nani ataoa pale tena? Imekwisha!"

Baba mdogo alinyanyua mkono anizabe kofi. Wale wanawake wakasimama kati yetu, na vikapu vyao. Mkono ukashuka wenyewe.

Kija naye alikuwa analia, kanikasirikia. "Ilikuwa zamu yangu! Kwa nini umenichukulia zamu yangu?"

Nikamfuata mama. Nilikuwa na hasira naye kuliko wote.

"Mama, ulijua?"

"Nimeambiwa juzi. Tukiwa tumeshafunga mizigo."

"Na ukanyamaza!"

Mama alifungua ile ngumi iliyoshika khanga.

Ndani kulikuwa na tiketi ya gurudumu. Imelowa jasho, imekunjamana.

Mama yangu, ambaye akivuka ziwa kwa pantoni ya Kigongo hufumba macho mpaka ng'ambo.

"Ningesema, nani angenisikiliza?" akasema. "Nilikuwa nasubiri akae, nikakae naye. Ukaniwahi."

Tulikaa nyasini tukalia, kisha tukacheka, kisha tukalia tena.

Kija alininunia mpaka Sirari. Usiku basini nilimweleza yote, taratibu, kwa kunong'ona. Kija akainama, akavua vile viatu vyekundu, akavisukuma chini ya kiti. Mwanza alishuka pekupeku.

Na tiketi ya mama ninayo.

Dada zangu mnaosoma hapa, nawaambia hili moja. Mwanaume akikupa heshima kubwa ambayo hukuitegemea, usikimbilie kufurahi. Geuka nyuma kwanza, uone mkono wake mwingine umemzunguka nani.