Bumbire Wakati Bado Anaona

Tuliondoka Bukoba kwa sababu daktari alimwambia mume wangu kuwa presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona, na kilichopotea hakirudi. Matone yangechelewesha tu. Tulipofika nyumbani Kibeta, Ismail alikaa barazani muda mrefu, kisha akasema, “Mama Sadiki, nataka nimwone dada Zuhura na visiwa vyote vya Muleba wakati bado naona. Twende na mashua. Tukae humo kiangazi chote.”

Ismail alifundisha useremala maisha yake yote, na mashua ile ya tanga aliijenga mwenyewe baada ya kustaafu. Ina kijumba kidogo chenye vitanda viwili vya mbao na mahali pa jiko la gesi. Mwanetu Sadiki alitukataza. Hata mimi niliogopa, lakini nilipakia ndizi, maharage na mswala.

Asubuhi tulipong’oa nanga, upepo wa nchi kavu ulikuwa mpole. Kisiwa cha Musira kilibaki nyuma yetu, na Ismail akashika usukani akitabasamu kama mtu aliyeruhusiwa kutoka hospitali. Jioni tulifika Kemondo. Nilipika ndizi na dagaa huku sufuria ikiteleza, tukala tukicheka.

Kutoka Kemondo kwenda Bumbire ndipo mambo yalipobadilika. Tulikuwa katikati ya maji nilipoona mtumbwi wa wavuvi wawili upande wa kushoto, karibu sana. Ismail alikuwa anatazama mbele, ametulia kabisa.

“Kushoto kuna watu,” nikasema.

“Wapi?”

Hakuwaona. Mmoja wao alisimama akipunga kasia na kuita, “Mzee, geuza!” Nilirukia usukani, nikausukuma pamoja naye. Tulipita karibu nao kiasi cha kuona maji yakitiririka kwenye nyavu zao. Ismail aliomba radhi kwa sauti ndogo.

Tangu Sadiki azaliwe nilikuwa sijawahi kumwita mume wangu kwa jina lake. Siku ile nilimwita. “Ismail, niachie mimi. Wewe nifundishe.”

Akasogea kunipisha. Alikaa nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Nilipokosea alinibonyeza kidogo, upande huu au ule, hadi tanga likajaa tena. Nilisikia pumzi yake ikikatikakatika, nami sikugeuka kumtazama.

Kule Bumbire, Zuhura, dada yake Ismail, alitupokea ufukweni. Alimshika Ismail mikono miwili, kisha akanigeukia mimi, akanishukuru kwa Kihaya: “Kasinge, waitu. Umeniletea mdogo wangu.” Tulipokwisha kula, Ismail alimkazia macho hadi dada akaona haya.

“Mbona unanitazama hivyo?”

“Nataka nikukumbuke vizuri, dada.”

Zuhura alivua mtandio wake, akamwonyesha nywele zilivyokuwa nyeupe, akageuza uso upande wa dirishani ili mwanga umwangukie. Nilitoka nje kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Baada ya hapo tulizunguka visiwani bila haraka, tukilala mashuani kila tulipopata ghuba tulivu. Huko Iroba mvua ilininyeshea nikiwa na nguo kambani. Ikuza nilitia nanga peke yangu kwa mara ya kwanza, na Ismail akanipikia chai yenye tangawizi nyingi mno. Alitazama kila kitu: ndege, miamba, watoto wakiogelea. Sikuwahi kumwona akiwa na njaa ya macho namna ile.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha tulirudi. Niliiingiza mashua yetu Bukoba mwenyewe, mbele ya Sadiki aliyekuwa akitusubiri majini hadi magotini. Alimkumbatia baba yake, akaona jinsi alivyopapasa kutafuta ukingo wa mashua kabla ya kushuka.

“Baba, sasa inatosha,” akasema taratibu. “Tuiuze hii mashua.”

Nilikuwa nimeondoka nikiamini nampeleka mume wangu akaage. Huko majini nikajifunza kwamba hatukwenda kuaga. Tulikuwa tunabadilishana viti tu, na safari yetu bado ni ile ile.

“Muulize nahodha,” Ismail akajibu, akigeuza uso wake upande niliokuwa nimesimama.

Nilimaliza kukunja tanga kwanza. Kisha nikamwambia mwanangu kuwa haiuzwi.